Bei Niliyomtajia Mpwa Wangu

Maneno ya mjomba wa mhitimu kwenye shughuli ya familia, Magomeni, Bagamoyo, baada ya swala ya alasiri. Yameandikwa kutoka kwenye simu ya kijana aliyeyarekodi. Vigelegele na matani ya watu yameachwa nje, isipokuwa pale msemaji mwenyewe alipoyajibu.

Asalaam alaykum. Mbona mnajibu kama watu waliofunga? Asalaam alaykum! Naam, hapo sawa. Na majirani zetu wa Misheni, Tumsifu Yesu Kristo. Shehe wetu, mwenyekiti wa mtaa, wakwe zetu mlioamka alfajiri kutoka Mkuranga, walimu wenzake bibi shughuli, na nyie kina mama wa Mlingotini mliokaa pembeni kwenye mkeka kama vile shughuli hii si yenu. Nyie nitawarudia. Karibuni nyote.

Nimepewa dakika kumi. Aliyenipa ni mshereheshaji, na mshereheshaji ni mwanangu wa kumzaa, kwa hiyo hizo dakika kumi tutaziona.

Wengi mnanijua. Huu ni mwaka wa 31 nanadi samaki pale pwani, karibu na lile jengo la zamani la forodha. Kazi yangu ni kutazama kitu kilicholala mchangani kimelowa, nikataja bei kabla jua halijakiharibu. Kolekole nikimwangalia jicho na shavu, nakwambia amelala kwenye barafu siku ngapi, hata aliyemleta akiapa kwa jina la mama yake kwamba kavuliwa usiku huu. Tenga la vibua nalipima kwa macho. Mkinikuta nimekosea, basi nimekosea kwa shilingi elfu mbili tatu, na hiyo ni siku ya homa.

Sasa leo nimeombwa kusema habari za mpwa wangu, na mimi nimeona niseme jinsi nilivyomtajia bei mbovu. Mwanangu, usinionyeshe saa. Bado sijaanza.

Kwanza habari yenyewe, maana kuna watu hapa wameongozwa na harufu ya pilau. Chuo alichosoma kimempa mtoto wetu tuzo ya tasnifu bora ya uzamili katika kitivo chao kwa mwaka huu. Uzamili ni shahada ya pili. Tasnifu ni kitabu ambacho mwanafunzi anakiandika mwenyewe, kuhusu jambo alilolichunguza mwenyewe, halafu anasimama mbele ya maprofesa wanamhoji mpaka koo likauke. Wao wanaita kutetea. Si mtihani wa kuchagua a, b, c. Cha kwake kina kurasa 140 na ushee. Nimekishika, na kwa mkono wangu huu nakadiria kilo kasoro robo. Kimeandikwa Kiingereza chote, ila ukurasa mmoja. Huo nao nitaufikia.

Miaka mitatu iliyopita alikuja kwangu jioni na barua ya kukubaliwa chuo. Wakati huo ni mwalimu wa baiolojia sekondari, ana mume, ana watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Akaniamkia, akakaa kwenye kigoda, akanipa barua niisome. Sikuisoma. Nikamwambia, "Mwanangu, kazi unayo, mume unaye, Mungu kakupa watoto. Samaki akishauzwa harudishwi mnadani."

Nilijiona nimesema neno kubwa. Yeye akasema, "Sawa, mjomba." Akaikunja barua yake, akaaga. Alipofika mlangoni akaniuliza kama dawa yangu ya presha bado ipo. Ndivyo alivyo.

Baadaye nikasikia anasomea mwani. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Pale sokoni nikawa nafanya mzaha: watu wanasomea udaktari, wanasomea sheria, wa kwetu anasomea majani ya baharini. Wavuvi wakicheka na mimi nacheka. Dada yangu mkubwa, mama yake mzazi, yuko hapa ananitazama. Yeye alikuwa amelima majani hayohayo ya baharini kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa majani hayo huyu binti alivaa sare ya shule. Mzaha ule ulikuwa unampita binti na kumwangukia mama yake, na mimi sikuona.

Nielezee kidogo kwa wageni, maana Mkuranga nyie ni watu wa korosho. Mwani unafungwa vipande vipande kwenye kamba, kamba zinafungwa kwenye vigingi, vigingi vinachomekwa mchangani mahali ambapo maji yakitoka unabaki na kina cha goti. Unaacha wiki sita hivi, unavuna, unaanika. Kilo saba mpaka kumi za mbichi zinakupa kilo moja kavu. Fikirini mgongo wa mwanamke hapo katikati. Mwani ukishakauka unasafirishwa nje, huko wanautoa ule utomvu wa kugandishia, wanatia kwenye dawa ya meno, kwenye aiskrimu, kwenye vipodozi. Biashara hii kwetu ilianzia Zanzibar, upande wa mashariki wa Unguja, mwaka 1989, ikavuka kuja huku bara. Na kabla ya hapo walikuwepo wasomi wetu wenyewe walioushughulikia, kama Profesa Keto Mshigeni, aliyeusomea mwani mpaka Hawaii miaka ya 1970. Haya yote mimi nimeyajua mwaka huu. Majani niliyokuwa nayacheka profesa aliyapandia ndege.

Ipo aina mbili. Spinosamu ni mgumu, unavumilia, bei yake ndogo. Kotoni ndio wenye fedha, lakini ni kama bibi harusi, kila kitu kinamdhuru. Maji yakianza kupita nyuzi joto 30 unateseka, unageuka mweupe, unakatika, unabaki na kamba tupu. Kina mama hawa wanasema mwani umeungua. Na miaka hii unaungua kuliko zamani, ndiyo maana wengi waliacha kotoni wakabaki na spinosamu, au wakaacha yote wakaenda kukaanga samaki ninaowauza mimi.

Basi binti akaja na swali lake: kotoni unaweza kurudi? Akachora mpango. Sehemu nyingine za majaribio maji mafupi, kwa vigingi, na nyingine maji marefu, kwa kamba zinazoelea juu ya maboya. Kila baada ya siku 14 anapima uzito, anapima chumvi, anapima joto. Mahali pa kuweka vigingi hakuchagua yeye. Ilichagua kompyuta, ili mtu asije akasema ameupendelea upande. Nimeelezwa kwamba hiyo ndiyo haki katika sayansi, na mimi kama mtu wa mnada naielewa: dalali haruhusiwi kumnadia shemeji yake.

Bamvua la mwezi wa kwanza, yale maji makubwa yanayojaa sana na kutoka sana, akaanza kuchomeka vigingi. Maji yanatoka asubuhi, saa nne iko kweupe. Mama mmoja, yule mwenye kanga ya bluu, usijifiche bi mkubwa, akamwendea akamwambia, "Mwanangu, hapa ndipo maji yanapochemka mwezi wa pili. Sisi tulipahama." Binti akajibu kwa adabu zote, "Bibi, ni kompyuta ndiyo iliyochagua."

Mnacheka. Na sisi siku ile tulicheka.

Nasema sisi kwa sababu na mimi nilikuwepo. Hili sijawahi kulisema mbele ya mtu, hata mke wangu analisikia sasa hivi. Nilikuwa nimekwenda Mlingotini kumdai mtu fedha ya samaki, nikasimama chini ya mnazi, nikamwona mpwa wangu anapiga vigingi mahali nilipopajua tangu nina miaka minane. Tulipokuwa watoto pale ndipo tulipokuwa tunaokota visamaki vilivyokwama kwenye vidimbwi, vimelegea kwa moto, unaviokota kama embe zilizoanguka. Kaskazi ikiwa kali, mguu wako mwenyewe unakuambia toka. Mimi nilijua kwa uhakika kabisa kwamba pale hapataota kitu. Ilikuwa ni hatua hamsini kumfikia.

Sikwenda. Nikajiambia, msomi haambiwi. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka ushindwe ule mwani. Nilitaka nionekane nilisema. Nilichukua fedha yangu ya samaki nikapanda bodaboda nikarudi zangu mjini.

Mwezi wa pili ukafika, mwani ukaungua. Nusu ya majaribio yake ikabaki kamba tupu. Fedha ya utafiti ilikuwa inaishia, muda wa chuo unakwenda, na mtoto mdogo akapata malaria wiki hiyohiyo. Nilimkuta nyumbani kwa dada yangu amekaa uani anafungua vile vikamba vidogo, taitai wanaviita, kimoja kimoja, anavihesabu. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kusema.

Sasa hapa kuna jambo ambalo kina baba wa mnada tunalijua vizuri. Samaki mbovu unafanyaje? Unamweka chini ya tenga. Juu unapanga wazuri. Hata chuoni nimeambiwa ipo njia ya namna hiyo: msimu ulioharibika unausahau, unarudia mwingine, unaandika wa pili tu, na hakuna atakayekuuliza. Kitabu kinatoka kisafi.

Yeye akaenda kwa kina mama na karatasi. Karatasi tupu, kubwa, ina mstari wa pwani tu. Akawaomba wamwonyeshe, mmoja mmoja, bila mwingine kuwepo, wapi panaungua na mwezi gani. Kina mama kumi na tisa. Wengine hawajashika kalamu tangu elimu ya watu wazima, wakachora kwa kijiti mchangani naye akanakili. Kisha akachukua vile vipimajoto alivyokuwa amevizamisha tangu mwezi wa kwanza, vinavyojiandikia joto vyenyewe kila saa, akalinganisha.

Vikalingana, jamani. Mahali ambapo kina mama walisema panachemka, kipimajoto kilisema panachemka. Na pale walipotofautiana wao kwa wao, ndipo penyewe ambapo joto lilikuwa linapanda mwaka huu na kushuka mwaka ule. Hiyo ndiyo sura ya nne ya kile kitabu. Msimu wake ulioharibika haukufichwa chini ya tenga, ndio alioutanguliza. Barua ya chuo ya kumpa tuzo ninayo hapa mfukoni, nimetafsiriwa na huyu mshereheshaji, na inaitaja sura ya nne kwa namba. Wanasema wazi kwamba wameituza kazi hiyo kwa sababu mtafiti alieleza kosa lake na akalifanyia kazi.

Mimi niliposomewa hivyo nilikwenda uani nikakaa na kuku.

Nirudi kwenye maji marefu, kwa sababu wakwe wameuliza kwa nini mkwe wao alipigwa picha ameshika dumu. Msimu wa pili kotoni kwenye kamba za kuelea ulikubali. Maji marefu yana ubaridi, yanapumua. Angeweza kuishia hapo, akaandika kwamba tiba imepatikana, walime maji marefu, akafunga kitabu. Lakini maji marefu yanataka mashua, na mashua zina wenyewe, na wenyewe ni wanaume. Na yanataka kuogelea. Kina mama hawa wamezaliwa pwani, wamezeeka pwani, miguu yao iko baharini kila bamvua, na wengi wao maji yakifika kifuani wanamwita Mungu. Tuliwafundisha watoto wa kiume kuogelea kwa kuwatupa. Wa kike tuliwaambia rudi nyumbani.

Binti mwenyewe alikuwa hajui. Mwalimu wa baiolojia, mtafiti wa bahari, ana miaka 33, hajui kuogelea! Basi wakajifunza pamoja, yeye na kina mama saba, jioni baada ya alasiri, na kanga zao na suruali ndani, kila mmoja amekumbatia dumu la lita 20 lililofungwa kizibo. Mwalimu wao mwanangu huyuhuyu anayenionyesha saa. Anasema hajawahi kuona wanafunzi wanaocheka namna ile huku wanakunywa maji. Watano walijua. Wawili walikataa katakata na wana haki yao. Mmoja alisema yeye na bahari wameheshimiana miaka 60, haoni sababu ya kuanza mazoea.

Na hilo nalo ameliandika. Kwamba kamba za kuelea zinazaa zaidi, lakini kama hakuna mashua ya ushirika na mtu wa kuwafundisha kina mama kuogelea, shamba la maji marefu litakuwa la wanaume ndani ya miaka michache. Hilo mimi nilisomewa nikalisikia kama mfanyabiashara, na nawaambia ni kweli. Kitu kikianza kuleta fedha sisi tunakuja mbio. Nimewaona wenzangu kwenye dagaa.

Ule ukurasa mmoja wa Kiswahili. Ni wa shukrani. Nimeukariri, lakini sitausoma wote maana nitaharibu sauti. Ameshukuru mume wake, na mkwe wetu anastahili, kwa sababu miaka miwili amepika ugali ambao watoto wamenihadithia mimi kwa siri. Amewashukuru kina mama wa Mlingotini, na ameandika majina yenu yote kumi na tisa, hakuacha mtu. Kwa hiyo mnapokaa kwenye mkeka pale pembeni mjue kwamba kwenye maktaba ya chuo kikuu mmo ndani. Msimamizi wake alimwambia watu wa mahojiano kwa kawaida hutajwa kwa namba. Yeye akawauliza nyie kwanza, nyie mkasema tuandike. Amemshukuru mama yake, "aliyenifundisha kufunga fundo lisilofunguka majini."

Na mstari wa mwisho: "Mjomba wangu, aliyenifundisha kutazama kitu vizuri kabla ya kukitajia bei."

Sasa niambieni. Mtu aliandika hivyo akiwa anajua niliyoyasema sokoni, kwa sababu Bagamoyo hakuna siri, maneno ya pwani yanafika Dunda kabla ya samaki. La mnazi hakulijua. Amelijua leo, sasa hivi, pamoja nanyi. Mwanangu, ile siku nilikuwa hatua hamsini. Nisamehe.

Hapana, kaa, kaa usije. Ukija hapa sitamaliza, na bado nina jambo moja la kazi.

Chuo kimempa nafasi ya kuendelea na shahada ya tatu. Uzamivu, wanaita, na nimefurahi kwamba angalau huyu wa kwetu sasa anajua kuzamia. Miaka mitatu au minne. Nimesikia minong'ono tangu asubuhi, jikoni na barazani, kwamba imetosha, kwamba watoto, kwamba mume. Mashangazi, nawaona. Wengine mnatumia maneno yangu mwenyewe ya yule samaki wa mnadani, na mimi nilidhani yameshasahaulika. Yale maneno nayarudisha. Yaliuzwa kwa mzani mbovu, nailipa hasara mwenyewe.

Tumekaa jana usiku, mimi, dada yangu na mkwe, tukapanga hivi. Siku ambazo mama yao yuko chuoni, watoto watakula mchana kwa bibi yao. Madrasa nitawapeleka mimi, kwa miguu, saa kumi nakuwa nimeshamaliza mnada na daktari alishaniambia nitembee. Shule asubuhi ni bajaji ya mwanangu, bure, na asijifanye hasikii. Mama zangu wa Mlingotini, ile mashua yangu ndogo iliyolala kwa fundi pale pwani, imebaki kuzibwa kalafati na kutiwa mafuta. Ikishuka majini ni ya kwenu kila bamvua, nahodha mtamchagua nyie, mimi sitaki hesabu.

Dada, simama watu wakuone. Simama kidogo tu. Haya, na sasa fungueni masufuria.

Jumatatu saa kumi na mbili na robo, mshereheshaji. Mdogo hapendi kuketi dirishani, anatapika, mweke katikati.